Nyumba ya Mawe ya Uskoti Haina Umri Mmoja

Kila baada ya miezi kadhaa, picha ya namna ileile inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Nyumba ya mawe mashambani Uskoti, ukungu nyuma yake, kondoo mbele yake, na juu ya mlango jiwe lililochongwa herufi na mwaka, tuseme 1698. Aliyeituma ameandika kwamba nyumba ina miaka zaidi ya 300 na watu bado wanakaa humo. Ubishi unaanzia hapo. Mmoja anasema haiwezekani, madirisha yale ni ya juzi. Wa pili anasema hiyo si nyumba, ni ngome. Wa tatu anauliza mbona haijapigwa lipu. Wa nne, ambaye yuko Glasgow, anasema ukinunua nyumba kama ile huruhusiwi kugongomea hata msumari.

Kila mmoja ameona kitu, na kila mmoja ameteleza kidogo. Mimi ni mwashi wa chokaa, kazi nimejifunzia kwenye kuta za Mji Mkongwe wa Unguja, na nyumba hizi za Waskoti nilianza kuzifuatilia kwa sababu ya chokaa yao. Jibu langu kwa kundi zima ni moja: nyumba hiyo haina umri mmoja. Sehemu yake inaweza kuwa ya 1698, sehemu ya 1790, sehemu ya 1870, na jiko la miaka ya 1960. Swali la kujiuliza ni lipi kati ya hayo unalitazama.

Tukubaliane maneno kwanza. Nyumba ya shamba hapa ni nyumba anayokaa mkulima mwenyewe na familia yake, katikati ya ardhi anayolima, iwe yake au ya kukodi. Mabanda ni majengo yanayoizunguka: zizi la ng'ombe, zizi la farasi, ghala la nafaka, banda la mikokoteni. Kiini ni ile nyumba ya kwanza iliyojengwa mahali pale. Nyongeza ni chochote kilichokuja baadaye, yaani chumba cha ubavuni, ghorofa iliyopandishwa, upenu wa nyuma, kibaraza cha mlangoni. Mara nyingi kiini kimefichwa na nyongeza kama kokwa ndani ya embe.

Aliyejenga Mbagala au Kisumu anaelewa hili bila kufundishwa. Unaanza na vyumba viwili na sebule. Watoto wanaongezeka, unatoboa ukuta na kuunga chumba. Mambo yakikaa sawa unaweka varanda, unabadilisha bati, unahamishia jiko ndani. Baada ya miaka 20 mgeni anaona nyumba moja, ila wewe unajua kila tofali liliingia mwaka gani. Uskoti ni hivyohivyo, isipokuwa kazi imechukua vizazi kumi na waliojua mwaka wa kila jiwe wamekwisha kufa.

Kabla ya mawe

Watu wengi hudhani mkulima wa Uskoti ameishi kwenye nyumba ya mawe na chokaa tangu enzi. Si kweli. Mawe yaliyojengewa chokaa yalikuwa ya wenye ngome na minara, makanisa, na matajiri wa mijini. Mkulima wa kawaida, hadi katikati ya karne ya 18, alikaa kwenye nyumba ndefu na ya chini, kuta zake za udongo, za mapande ya ardhi yenye nyasi, au za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Paa lilikuwa la nyasi au mashina ya mimea mingine ya porini. Watu walikaa upande mmoja na ng'ombe upande wa pili chini ya paa hilohilo, na joto la ng'ombe lilisaidia wote. Upande wa watu ulikuwa na chumba cha nje chenye moto na chumba cha ndani cha heshima, ambavyo Waskoti hadi leo wanaviita "but" na "ben". Anayetaka kuona makazi ya namna hiyo yakiwa bado yamesimama aende Auchindrain, Argyll, kijiji cha wakulima kilichogeuzwa makumbusho.

Mabadiliko yalikuja haraka, na familia moja inatosha kuyaonyesha. Baba yake mshairi Robert Burns alijenga nyumba kwa mikono yake Alloway mwaka 1757, kuta za udongo, paa la nyasi. Robert alizaliwa humo Januari 1759, na siku chache baadaye dhoruba ikaangusha sehemu ya ukuta wa ubavuni. Mwaka 1788 Robert mwenyewe, sasa mkulima mpangaji, akaanza kujenga nyumba ya shamba ya Ellisland karibu na Dumfries, na mwenye ardhi ndiye aliyetoa fedha za kujengea. Hiyo ilikuwa nyumba ya mawe. Kati ya baba na mwana ni miaka 31 tu.

Kilichotokea katikati ni kwamba wenye ardhi waliamua kubadilisha kilimo chote. Mashamba ya vipande vipande yaliyolimwa na familia nyingi kwa pamoja yaliunganishwa, yakazungushiwa kuta na kukodishwa kwa mkulima mmoja, mara nyingi kwa mkataba wa miaka 19. Mtu mwenye uhakika wa miaka 19 hujenga tofauti na mtu anayeweza kufukuzwa mwakani. Sheria ya 1770 nayo iliwapa wenye ardhi ya urithi nafasi ya kutoa mikataba mirefu na kugharamia majengo. Nalisema na la upande wa pili, kwa sababu picha nzuri hulificha: kwa kila mkulima mmoja aliyepata nyumba mpya ya mawe, zilikuwepo familia zilizopoteza vipande vyao na kuhamia mijini au ng'ambo. Na mawe ya nyumba zilizobomolewa hayakutupwa. Yaliingia kwenye kuta mpya.

Nyumba iliyotokana na wakati huo, kuanzia 1760 hadi 1840 hivi, ndiyo ambayo wengi wetu tunaiona kwenye picha. Mlango katikati, dirisha kila upande, madirisha matatu juu, paa la mgongo wa tembo na dohani moja kila ncha. Mtoto akiambiwa achore nyumba, huchora hiyo. Dohani zimekaa kwenye ncha kwa sababu kila chumba kina meko kwenye ukuta wa mwisho, na ngazi inapanda katikati. Walioko Glasgow wanaweza kuiona Wester Kittochside, karibu na East Kilbride, iliyojengwa miaka ya 1780 na familia ya Reid na sasa ni sehemu ya makumbusho ya maisha ya mashambani.

Ukuta na nguo yake

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, na ndipo ninapotaka kukaa.

Ukuta wa nyumba hizi haukupangwa kama ukuta wa tofali. Ni kuta mbili zinazosimama pamoja, wa nje na wa ndani, na katikati pamejazwa vijiwe na chokaa. Unene wake hufika sentimita 60 au zaidi. Hapa na pale mwashi amelaza jiwe refu linaloingia kutoka uso mmoja kuelekea wa pili ili kuta hizo mbili zishikane. Mtu aliyewahi kufungua ukuta wa Lamu au wa Mji Mkongwe atahisi yuko nyumbani. Sisi tulitumia mawe ya matumbawe, wao jiwe lao, lakini mantiki ni ileile: mawe yasiyo na umbo, yakishikwa na chokaa nyingi. Kwa hiyo unene huo hauna uhusiano na ngome. Ukuta wa mawe ghafi ukiufanya mwembamba, hausimami.

Jiwe lilitoka karibu, kwa sababu kusafirisha mawe kwa mkokoteni kulikula fedha kuliko kuyachonga. Aberdeenshire ni matale, Dumfries ni jiwe la mchanga jekundu, na upande wa mashariki mwa Edinburgh kuna jiwe jeusi la volkano ambalo tindo inaliruka. Ndiyo maana utaona nyumba ya mawe meusi yenye kona na kingo za madirisha za jiwe la mchanga. Jiwe jeusi halikubali kunyooshwa, na kona lazima inyooke, kwa hiyo mwashi aliagiza mawe laini machache kwa sehemu hizo tu.

Chokaa nayo ina habari yake. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye tanuu hadi kufikia nyuzi 900 hivi za joto. Hewa ya ukaa inatoka, linabaki donge jeupe lenye kiu. Ukilimwagia maji linaanza kupasuka lenyewe, linachemka, linafuka mvuke, na pipa linakuwa moto kiasi kwamba huliegemei. Likitulia unapata uji mzito, laini kama mtindi. Ukiupaka ukutani unavuta polepole hewa ileile iliyofukuzwa na moto, unarudi kuwa jiwe. Charlestown, Fife, bado yamesimama matanuu 14 ufukoni, na chokaa yake haikwenda kwenye nyumba tu. Wakulima waliimwaga mashambani kupunguza uchachu wa udongo. Kilimo kipya na nyumba mpya vililishwa na tanuu moja.

Sasa lile swali la lipu. Nyumba nyingi za mawe ghafi za Uskoti zilipigwa lipu. Ilikuwa lipu ya kurusha, chokaa iliyochanganywa na vijiwe vidogo, ikarushwa ukutani kwa mwiko kisha ikapakwa chokaa nyepesi, nyeupe au ya rangi ya manjano ya udongo. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo ya nyumba dhidi ya mvua inayosukumwa na upepo. Baadaye watu walipendezwa na sura ya jiwe tupu, wakaibandua wakidhani wanairudisha nyumba kwenye asili. Ushahidi uko kwenye madirisha. Sogea karibu, weka kidole pale jiwe lililochongwa la dirisha linapokutana na mawe ghafi. Ukikuta jiwe la dirisha limetokeza mbele ya ukuta kwa unene wa kidole, jua palikuwa na lipu iliyokuja kusimama sawa na ukingo huo. Mwashi hatokezi jiwe bila sababu. Zipo nyumba zilizojengwa kwa mawe yaliyochongwa vizuri uso mzima, hizo hazikuhitaji nguo, lakini nyumba ya shamba ya kawaida si mojawapo.

Hatari inayofuata ni saruji. Katika karne ya 20 mafundi wengi walijaza viungo vya mawe kwa saruji, kwa nia njema, wakijua ni ngumu kuliko chokaa. Ugumu huo ndio ugonjwa. Ukuta wa zamani hunywa mvua kidogo na kuitoa jua likitoka, na njia ya kutokea ni kwenye viungo vya chokaa. Ni kama shati la pamba, linalowa na kukauka. Ukijaza saruji umeuvisha ukuta koti la plastiki. Maji hayatoki tena kwenye kiungo, yanatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Baridi ikija yanaganda ndani ya jiwe, yanapanuka, na uso wa jiwe la mchanga unabanduka ganda kwa ganda. Baada ya miaka unaona kitu cha kusikitisha, wavu wa saruji umesimama mzima na mawe yamerudi ndani kama meno yaliyooza. Huku kwetu hakuna barafu, chumvi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Nimewahi kuitwa kwenye chumba Unguja ambacho fundi alikipiga saruji ili "kumaliza unyevu". Nilipogonga ukuta kwa kifundo cha kidole ulilia kama debe tupu. Lipu ilikuwa imeachana na ukuta kabisa, na nyuma yake matumbawe yalikuwa unga.

Kwa hiyo ukisikia kwamba nyumba za mawe kwa asili yake zina unyevu usiotibika, uliza kwanza imejazwa nini kwenye viungo, na mfereji wa paa unavuja wapi.

Kuisoma nyongeza

Bei za nafaka zilipanda sana wakati wa vita vya Uingereza na Ufaransa, 1793 hadi 1815, na wakulima wakubwa wakapata fedha. Mwaka 1786 Andrew Meikle alikuwa ametengeneza mashine ya kupura nafaka huko East Lothian, na mashamba mengi yakaongeza jengo la mviringo au la pembe nyingi ubavuni mwa ghala, ambamo farasi walizunguka kuendesha mashine. Jengo hilo watu huliita kanisa dogo au mnara. Ni mahali pa farasi. Baadaye mvuke ulichukua nafasi yao, ndipo ukaona dohani ndefu ya matofali katikati ya mabanda kama ya kiwanda.

Nyumba yenyewe ilikua kuelekea nyuma. Mbele paliachwa pakiwa na ulinganifu wake kwa ajili ya wageni, nyuma pakaongezwa bawa la jiko na vyumba vya watumishi, na nyumba ikawa na umbo la herufi T. Bawa hilo linaeleza jambo zaidi ya nafasi. Katika nyumba ya zamani mkulima na vibarua wake walikula meza moja, karibu na moto mmoja. Nyumba mpya iliwatenganisha: mkulima sebuleni na familia yake, wafanyakazi jikoni nyuma, na vijana wasiooa kwenye kibanda chao pembeni ya mabanda.

Nyongeza inasomwa kwenye mshono. Ukuta mpya ukiegemezwa kwenye wa zamani bila mawe kuingiliana, unabaki mstari wima ulionyooka kutoka chini hadi juu. Wakati mwingine mwashi wa kwanza aliacha mawe yametokeza kwenye kona kama meno, akitegemea kwamba mwenye nyumba atarudi na fedha. Wakati mwingine hakurudi, na meno yako palepale. Ghorofa iliyopandishwa inajulikana kwa mawe kubadilika ukubwa au rangi karibu na juu, na kwenye ukuta wa ubavuni unaweza kuona alama ya mshazari ya paa la mwanzo.

Paa nalo lina tarehe zake. Uskoti ilichimba sleti, jiwe linalopasuka kwa matabaka, hasa Ballachulish na Easdale upande wa magharibi. Vipande vyake ni vinene na havilingani, kwa hiyo fundi alivipanga vikubwa chini karibu na mchirizi na vidogo juu kileleni, kila kimoja kikining'inia kwa msumari mmoja. Reli zilipofika, sleti ya Wales ikaingia, nyembamba, ya ukubwa mmoja, mistari yake sawa kama daftari. Nyumba yenye sleti za kupungua mbele na za daftari kwenye bawa la nyuma imeshakueleza lipi lilitangulia.

Madirisha ndiyo yanayowadanganya wengi. Vioo vya karne ya 18 vilikuwa vidogo na vilitozwa kodi, hivyo dirisha la kupandisha na kushusha lilikuwa na vioo 12, sita juu na sita chini. Kodi ya vioo ilifutwa 1845, vioo vikubwa vikawa rahisi, na watu wakabadilisha kuwa viwili juu na viwili chini, au kimoja kimoja. Vioo vikubwa ni vizito, kwa hiyo fremu za juu ziliongezwa vijipembe kwenye kona za chini ili kiungo cha mbao kisiachie. Yule ndugu aliyesema madirisha ni ya karibuni huenda ameona sawa. Kosa lake ni kuamua umri wa ukuta kwa umri wa dirisha.

Na dirisha lililozibwa kwa mawe? Utaambiwa ni kukwepa kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwepo kweli, ikafutwa 1851, na wapo waliozibia. Lakini tazama juu yake kwanza. Kama kuna dohani, yawezekana njia ya moshi inapita hapo ndani na pale hapakuwahi kuwa na uwazi. Mwashi alichonga dirisha la uongo ili uso wa nyumba ulingane.

Tumebaki na yule wa Glasgow na msumari wake. Uskoti ina orodha ya majengo yanayolindwa, takriban 47,000, katika madaraja A, B na C, na mamlaka inayoitunza ni Historic Environment Scotland. Kuwa kwenye orodha hakukatazi mabadiliko. Kunakutaka uombe kibali cha halmashauri kwa jambo litakalogusa hadhi ya jengo. Wanaodhani ulinzi ni wa ukuta wa mbele tu nao wamekosea, kwani unafika ndani, kwenye ngazi na meko, na kwa kawaida unaingiza nyongeza pia. Naiunga mkono sheria hiyo hasa kwa hilo la mwisho. Nimesikia wenye nyumba wakitaka kubomoa bawa la 1870 ili "asili" ionekane. Ukibandua 1870 unafika 1790, na chini ya 1790 kuna mawe ya nyumba iliyobomolewa kabla yake. Utasimama wapi?

Sasa jiwe la juu ya mlango, la 1698. Mara nyingi ni la kweli, ila si lazima liwe la mlango huo. Jiwe lililochongwa lilikuwa mali, nyumba ikibomolewa lilihamishiwa kwenye ukuta mpya, wakati mwingine kwenye zizi. Tena mwaka huo huenda si wa kujenga. Ukiona herufi mbili upande mmoja na mbili upande wa pili, ni majina ya mume na mke, na mwaka unaweza kuwa wa ndoa yao. Zitazame herufi za mwisho za kila jozi. Mara nyingi hazifanani, kwa sababu mwanamke wa Uskoti wakati ule aliolewa akabaki na jina la ukoo wa baba yake, kama mwanamke wa pwani anavyobaki binti wa fulani hadi kaburini. Mwashi alimchongea lake kwa ukubwa uleule wa la mumewe.

Picha ikifika tena kwenye kundi, mwambieni aliyeipiga azunguke nyuma ya nyumba atutumie na ya huko.